Kurbu ya etalonaji kwenye spektrofotometa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara katika labo za Lubumbashi

Ukurasa huu ni wa mafundi wa labo, wanafunzi wa kemia na yeyote anayepima maji kwa njia ya rangi. Kurbu ya etalonaji ni mstari unaochorwa kwa etaloni, yaani vimiminika vyenye kipimo kinachojulikana, dhidi ya absobansi, yaani kiasi cha mwanga kinachomezwa na kila kimoja. Mfano tunaoutumia karibu kila mahali ni kupima chuma kwa fenantrolini, kitendanishi kinachotoa rangi kikishikana na chuma, kwenye mwanga wa nanomita 510. Njia hiyo ni rahisi, rangi yake inakaa, na visima vingi vya hapa vimechimbwa kwenye udongo mwekundu wenye chuma cha kutosha. Desimali zimeandikwa kwa koma, kama tulivyozoea Kongo.

Vitabu vinatoa koefisienti ya rangi. Kwa nini nisiitumie moja kwa moja, nikaacha kuchora kurbu?

Kwa sababu koefisienti ya kitabu ilipimwa kwa mashine ya mwingine, vitendanishi vya mwingine na kuvete (kikombe kidogo cha kusomea) ya mwingine. Upana wa mwanga unaopita, nanomita moja au mbili za kuhama, fenantrolini iliyozeeka: vyote hivyo vinabadilisha mteremko.

Ila usiitupe, maana inakagua kazi yako. Rangi ya chuma na fenantrolini ina koefisienti ya karibu 11 100 kwa kila moli kwa lita kwa sentimita. Ukigawa kwa uzito wa moli ya chuma, gramu 55,85, kisha kwa 1 000 ili ziwe miligramu, utaona kwamba 1 mg/L ndani ya kuvete ya sentimita 1 inatakiwa kutoa absobansi ya karibu 0,20. Kurbu yako ikitoa mteremko wa 0,19 au 0,20, endelea. Ikitoa 0,15, simama hapo hapo, hata kama nukta zimepangana vizuri. Ama etaloni mama, ile kali inayozaa nyingine zote, imeharibika, ama urefu wa wimbi umehama, ama kuna aliyekosea kuzimua.

Niandae etaloni ngapi, na kwa vipimo gani?

Blanki moja na etaloni sita zinatosha kwa kazi ya kila siku. Hivi ndivyo zinavyoandaliwa kwa chuma:

Etaloni mama ya 100 mg/L: mimina polepole mililita 10 za asidi sulfuriki kali ndani ya mililita 50 za maji yaliyosafishwa (asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi). Yeyusha humo gramu 0,7022 za chumvi ya Mohr, yaani sulfati ya chuma na amoni yenye molekuli sita za maji, kisha jaza hadi lita 1. Chumvi iwe na rangi ya kijani hafifu. Ikiwa na unga wa kahawia juu yake, imeshaoksidika, usiipime.

Etaloni ya kati ya 10 mg/L: mililita 10 za etaloni mama ndani ya fiola (chupa ya ujazo yenye alama) ya mililita 100, jaza maji hadi alama. Itengeneze siku hiyo hiyo ya kazi.

Kutoka hiyo, chukua mililita 1,25, 2,5, 5, 10, 15 na 20, kila moja ndani ya fiola yake ya mililita 50. Fiola ya saba isiwe na etaloni: hiyo ndiyo blanki. Ongeza kwa kila moja, kwa mpangilio huu, mililita 1 ya haidroksilamini hidrokloridi ya asilimia 10, mililita 10 za bafa (kishikilia pH) ya asetati ya amoni, na mililita 4 za fenantrolini ya asilimia 0,1. Jaza hadi alama, tikisa, subiri dakika 15. Utapata 0,25, 0,5, 1, 2, 3 na 4 mg/L.

Mpangilio una sababu. Fenantrolini inatoa rangi nyekundu ya machungwa na chuma cha chaji mbili tu. Haidroksilamini ndiyo inayokirudisha chuma cha chaji tatu hadi mbili, kwa hiyo itangulie.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kutengeneza etaloni kwa ngazi: 4 inazaa 2, 2 inazaa 1, 1 inazaa 0,5. Ukikosea ngazi ya kwanza, zote zinazofuata zinarithi kosa, na kurbu bado itaonekana imenyooka. Kila etaloni itoke kwenye chupa ile ile ya kati, kwa pipeti.

Blanki ni ipi hasa? Wengine husawazisha mashine kwa maji, wengine kwa vitendanishi.

Ziko tatu, na kila moja ina kazi yake. Maji matupu yanaonyesha kama mashine na kuvete ziko sawa. Blanki ya vitendanishi imepitia kila hatua ila haina chuma ulichokiongeza. Inaonyesha uchafu wa vitendanishi na maji yako. Blanki ya sampuli ni sampuli pamoja na haidroksilamini na bafa, bila fenantrolini. Inaonyesha rangi na ukungu wa sampuli yenyewe.

Ushauri wetu: sawazisha sifuri kwa maji, halafu soma blanki ya vitendanishi kama nukta ya kurbu na uiandike. Ukisawazisha kwa blanki ya vitendanishi, uchafu unafichika. Blanki iliyokuwa 0,006 wiki iliyopita na leo ni 0,031 inakuambia kitu, lakini mashine iliyowekwa sifuri juu yake haitasema lolote.

R² yangu ni 0,9998, lakini sampuli za kudhibiti zenye kipimo kidogo zinatoka chini. Kosa liko wapi?

Huenda liko ndani ya kurbu hiyo hiyo nzuri. R² inapima jinsi nukta zinavyofuata mstari kwa jumla, na nukta kubwa ndizo zinazoitawala. Nukta ndogo, ambako maji ya kunywa huangukia, hazina sauti.

Tazama mfano huu wa hesabu. Etaloni 0, 1, 2, 3, 4 na 5 mg/L zimetoa absobansi 0,000, 0,200, 0,396, 0,588, 0,776 na 0,960. Mstari mnyoofu unaopita kati yake una mteremko 0,192 na unakata mhimili wa wima kwenye 0,0067. R² yake ni 0,9998. Sasa toa absobansi ya mstari kutoka absobansi uliyosoma, nukta kwa nukta. Masalio ni haya: −0,0067, +0,0013, +0,0053, +0,0053, +0,0013, −0,0067. Chini, juu, juu, chini. Masalio ya bahati nasibu hayapangwi hivyo. Kurbu imepinda.

Madhara yake: sampuli yenye 0,2 mg/L halisi inatoa absobansi ya karibu 0,040, na mstari huo unaihesabu kuwa 0,175. Umepoteza asilimia 12. Yenye 0,1 mg/L inahesabiwa 0,07: asilimia 30 imeyeyuka, na R² bado inakutabasamia.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza, tunayoipenda zaidi, ni kukata kurbu: acha etaloni za juu, ongeza za chini, fanya kazi kati ya 0 na 2 mg/L. Ya pili ni kutumia mlinganyo wa daraja la pili, ukiwa na etaloni zisizopungua sita na mkunjo mdogo kama huu. Mkunjo mkali haurekebishwi kwa hesabu. Tafuta chanzo chake.

Kwa hiyo katika ripoti za ndani, weka jedwali la masalio kando ya R². Tena geuza kila etaloni irudi kuwa mg/L kwa kutumia mlinganyo wako. Etaloni ya 0,25 ikirudi kama 0,21, kurbu haifai kwa maji yenye 0,25, basi.

Nilazimishe mstari upite kwenye sifuri?

Hapana, isipokuwa umeshathibitisha kwa kazi za siku kadhaa kwamba mahali pa kukata mhimili hapatofautiani na sifuri zaidi ya kuyumba kwa kawaida kwa mashine. Na usiandike nukta ya (0, 0) ambayo hukuisoma. Blanki inasomwa, haibuniwi.

Absobansi ya mwisho inayoaminika ni ngapi?

Kwa mashine nyingi za bei ya kati, fanya kazi kati ya 0,05 na 1,0. Absobansi ya 1 maana yake asilimia 10 tu ya mwanga imepita. Ya 2 ni asilimia 1. Hapo mwanga mpotevu, ule unaofika kwenye kipokezi bila kupita njia yake halali, unaanza kuwa sehemu kubwa ya kinachosomwa. Mashine yenye mwanga mpotevu wa asilimia 1, na mashine kongwe zinafika huko, itasoma 0,96 pale ukweli ni 1,00, na 1,70 pale ukweli ni 2,00. Hata ya asilimia 0,1 itasoma 2,70 badala ya 3,00. Ndiyo maana kurbu huinama kuelekea chini kwenye etaloni za juu, na ndiyo maana kununua vitendanishi vipya hakuiponyi.

Sampuli imezidi etaloni ya juu. Naweza kuongeza maji ndani ya rangi iliyokwisha kutoka?

Usifanye hivyo. Zimua sampuli ghafi, halafu uanze upya na vitendanishi. Mililita 4 za fenantrolini ya asilimia 0,1 zinatosha chuma cha karibu miligramu 0,4, yaani 8 mg/L ndani ya fiola ya mililita 50. Sampuli ikiwa na zaidi ya hapo, chuma kilichobaki hakina cha kushikana nacho. Ukizimua rangi mara tano unazimua kipimo kilichokwisha kupungua, na jibu litatoka chini huku likionekana la kawaida kabisa.

Kurefusha mstari kupita etaloni ya mwisho nako hakukubaliki, hata kwa kidogo. Huko juu hujui kama umenyooka.

Tunapima pia maji ya mifereji karibu na mitambo ya shaba na kobalti. Kurbu ya kawaida inafaa?

Hapa ndipo Lubumbashi inapotofautiana na mifano ya vitabu. Kurbu inasema kweli kuhusu vimiminika vinavyofanana na etaloni zake. Etaloni zako ni chuma ndani ya maji safi. Maji ya mfereji yana shaba, kobalti, pengine zinki, na asidi.

Kwanza, metali hizo zinashindania fenantrolini. Mililita 4 zina mikromoli kama 20 za kitendanishi. Chukua mililita 25 za maji yenye shaba 20 mg/L: hizo ni mikromoli karibu 8 za shaba, na kila moja ikishika molekuli mbili au tatu, kitendanishi kinakwisha au kinakaribia kukwisha kabla chuma hakijapata sehemu yake. Kanuni ya mkono inayotumika sana ni kwamba shaba au kobalti ikizidi 5 mg/L, na nikeli ikizidi 2 mg/L, usiamini jibu bila kulikagua. Kuongeza fenantrolini husaidia hadi kiasi fulani.

Pili, kobalti ina rangi yake ya waridi, na kilele chake kiko karibu na nanomita 510, palepale tunaposomea chuma. Rangi hiyo ni dhaifu: 1 g/L inatoa absobansi ya karibu 0,08. Kwa maji ya kisima haina maana yoyote. Kwa kimiminika cha kiwandani, hiyo 0,08 ni sawa na 0,4 mg/L za chuma ambacho hakipo. Hata hivyo kimiminika kizito namna hiyo hakipimwi kwa fenantrolini. Kipeleke kwenye mashine ya absobansi ya atomu, au tenganisha chuma kwanza.

Kwa maji ya kati kwa kati, fanya mambo mawili: soma blanki ya sampuli na uitoe, kisha ongeza etaloni ndani ya sampuli.

Kuongeza etaloni ndani ya sampuli kunafanywaje?

Fiola nne za mililita 50, kila moja na mililita 10 za sampuli. Ongeza mililita 0, 5, 10 na 15 za etaloni ya kati ya 10 mg/L, yaani 0, 1, 2 na 3 mg/L ndani ya fiola. Vitendanishi kama kawaida. Toa blanki ya sampuli na blanki ya vitendanishi, halafu chora.

Tuseme zimetoka 0,150, 0,320, 0,490 na 0,660. Mteremko ni 0,170, wakati kurbu ya maji safi ina 0,200. Kwa hiyo sampuli inameza asilimia 15 ya ishara. Gawa 0,150 kwa 0,170: unapata 0,88 mg/L ndani ya fiola, na ukizidisha mara tano, 4,4 mg/L ndani ya maji. Kwa kurbu ya kawaida ungeandika 3,75.

Njia hii inarekebisha mteremko peke yake. Rangi ya ziada inayotoka kwenye sampuli haiondoi, ndiyo maana blanki ya sampuli inatangulia. Na nukta ya nne ikilegea chini ya mstari wa tatu za kwanza, kitendanishi kimekwisha. Punguza sampuli, rudia kwa mililita 5.

Kuvete zangu hazifanani. Nifanye nini?

Zijaze zote maji na uzisome. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0,005, tumia moja tu kwa kazi nzima, ukianza na blanki na kupanda hadi etaloni ya juu, ukisuuza mara mbili kwa kimiminika kinachofuata kabla ya kukijaza. Weka alama upande mmoja wa juu ili iingie daima kwa mwelekeo ule ule. Shika pande zenye ukungu, pangusa pande angavu kwa karatasi laini isiyoacha nyuzi. Kisha itazame kwenye mwanga: kiputo kimoja kilichong'ang'ania ukutani kinarusha namba juu na chini. Kwenye nanomita 510 kuvete ya plastiki inafaa; chini ya 340 hivi, kioo na plastiki ya kawaida huanza kula mwanga, na huko ni kwartzi.

Umeme umekatika katikati ya sampuli. Naendelea na kurbu ile ile?

Mashine ikizimika, hata kwa dakika mbili, taa imepoa na sifuri imepotea. Umeme ukirudi, au jenereta ikishawashwa na stabilizeta imetulia, subiri dakika 30. Sawazisha sifuri, soma blanki na etaloni mbili, ya 0,5 na ya 3. Zote mbili zikirudi ndani ya asilimia 5, endelea. Moja ikitoka nje, chora kurbu nzima upya, na sampuli zilizosomwa tangu ukaguzi wa mwisho uliofaulu zisomwe tena.

Kwa chuma una bahati, rangi yake inakaa muda mrefu ikifunikwa. Fosfati kwa buluu ya molibdenamu haisubiri: inasomwa kati ya dakika 10 na 30. Umeme ukikupita hapo, mwaga, anza upya.

Kurbu ya wiki iliyopita bado inafaa?

Kwa kazi inayotoka nje ya labo, chora kila siku ya kazi. Kwa uchunguzi wa ndani unaweza kubaki na ya zamani ikiwa chupa za vitendanishi ni zile zile, na etaloni ya katikati inarudi vizuri mwanzoni, baada ya kila sampuli 10, na mwishoni. Mpaka wa kawaida ni asilimia 10. Etaloni hiyo ya ukaguzi itoke kwenye chumvi au chupa nyingine, tofauti na iliyochora kurbu. Etaloni mama ikiwa mbovu, ikijikagua yenyewe itajipa cheti.

Mashine nayo ikaguliwe. Kwa urefu wa wimbi, kioo cha holmiamu kina vilele karibu na nanomita 361, 537 na 638. Kwa absobansi, dikromati ya potasiamu, 60 mg/L ndani ya asidi sulfuriki ya 0,005 mol/L, inatoa karibu 0,64 kwenye nanomita 350.

Kiangazi blanki inapanda. Ni vitendanishi?

Huenda, lakini anza na vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu linaingia kila penye upenyo, na vumbi hilo lina chuma. Fiola iliyokaushwa mdomo juu kando ya dirisha imeshachafuka. Loweka vyombo usiku kucha kwenye asidi hidrokloriki ya asilimia 10, suuza mara tatu kwa maji yaliyosafishwa, kausha mdomo chini, funika. Maji ya betri yanayouzwa madukani yasitumike kabla hujayapima kama sampuli.

Ikiwa tatizo ni la kinyume, yaani chuma kinapotea, angalia namna sampuli zinavyochukuliwa. Maji ya kisima yanatoka angavu, yakipata hewa chuma kinageuka kahawia na kunata kwenye chupa. Tia mililita 2 za asidi hidrokloriki kali kwa kila lita pale pale kisimani, pH ishuke chini ya 2. Ukitaka chuma kilichoyeyuka tu, chuja kwanza, asidi baadaye.

Excel inanipa mteremko tofauti na ule ulio kwenye grafu.

Mlinganyo unaoandikwa juu ya grafu umekatwa desimali. Ukifanya kazi kwa mikrogramu kwa lita, mteremko wa 0,000192 unaweza kuonekana kama 0,0002: kosa la asilimia 4 kabla hujaanza. Tumia fomula =PENTE( ) kwa mteremko na =ORDONNEE.ORIGINE( ) kwa mahali pa kukata mhimili, ukianza na absobansi, kisha nukta-mkato, kisha vipimo.

Mtego mwingine: mashine nyingi hutoa namba kwa nukta, 0.412, na Excel ya Kifaransa inasubiri koma. Namba hiyo inabaki kama maandishi, inakaa kushoto kwa kisanduku, na PENTE inairuka bila kusema neno. Unadhani una nukta saba, kumbe hesabu imetumia nne. Hakikisha kwa =NB( ), inayohesabu namba halisi, juu ya safu hiyo.

Jibu likiwa dogo sana niandike sifuri?

Usiandike sifuri, wala namba hasi. Soma blanki 10 zilizoandaliwa kila moja peke yake, tafuta mchepuko sanifu wake. Ukizidisha kwa 3,3 na kugawa kwa mteremko unapata kiwango cha kugundua. Ukizidisha kwa 10, kiwango cha kupima. Mchepuko wa 0,0015 na mteremko wa 0,20 vinatoa 0,025 na 0,075 mg/L. Chini ya 0,025 andika "chini ya 0,025 mg/L". Kati ya hizo mbili andika kwamba chuma kipo ila hakipimiki kwa uhakika. Na kama sampuli ilizimuliwa mara mbili kwenye fiola, viwango hivyo navyo vizidishwe kwa mbili kabla ya kuingia kwenye ripoti. Kwa maji ya kunywa nafasi bado ipo: chuma huanza kuacha madoa kwenye nguo na ladha mdomoni karibu na 0,3 mg/L.